Moto wa Maganda ya Kahawa

Simu ya Wawira ilinikuta nikichambua maharagwe uani kwangu, hapa Makutano, na kwa vile masikio yangu siku hizi hayana haraka, ilibidi aseme mara mbili. "Madam, mama ametuacha. Jana jioni, amelala tu hivyo." Nikaweka ungo chini. Mama Wawira alikuwa mpishi wa shule niliyofundisha mwaka wangu wa kwanza kazini, kule juu ya Runyenjes, na ingawa baada ya hapo nilifundisha kemia katika shule tano, nikastaafu kwa hotuba ndefu na keki kavu, sijapata mwalimu aliyenizidi kama yule mama ambaye hakumaliza darasa la nne. Nililia, sifichi. Kisha nikajikuta nacheka peke yangu na machozi bado mashavuni, maana nilikumbuka alivyonitazama siku aliyonieleza kwamba nimeua tangi.

Habari za kwetu Kianjai na safari yangu hadi chuo cha ualimu nitaziacha. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nywele nimezichana zikasimama wima, na kujiamini kulikozidi akili. Shule yenyewe ilikuwa ya harambee, ya wasichana, chini ya kanisa, imejengwa kwa mikono ya wazazi: madarasa manne ya mawe, bweni moja refu la mbao, na jikoni. Jikoni hapo ndipo nilipoishi hasa, kwa sababu chumba changu kilikuwa na baridi na jikoni kulikuwa na Mama Wawira. Kuta zake za mabati zilikuwa zimegeuka nyeusi hadi hazikutoa hata mng'ao. Mapipa mawili ya githeri, mahindi na maharagwe, yalichemka juu ya mafiga tangu alfajiri hadi saa sita, na moshi ulikaa humo ndani kana kwamba ndio mwenye nyumba. Macho ya Mama Wawira yalikuwa mekundu mwaka mzima. Alipika akiwa ameyafumba nusu, akijua kwa harufu tu kama mahindi yameiva, na kila asubuhi alinimiminia kikombe cha uji mchachu kutoka kwenye kibuyu kilichoning'inia msumarini nyuma ya mlango. Siku moja, kwa adabu za mgeni, nilikichukua nikioshe. Alininyang'anya kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Hii haioshwangi, Karimi. Unaacha kidogo chini, unamwaga uji mpya juu. Wee, huko Kianjai mnafundishwanga nini?" Kimeru changu na Kiembu chake vilikaribiana kiasi cha sisi kuelewana, na vikatofautiana kiasi cha kuchekana, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa uwanja wetu wa amani.

Shida ilianza mwezi wa pili. Chumba cha walimu na ofisi ya hedmistresi vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na siri yoyote ya upande ule ilitufikia sisi tukiwa na chaki mkononi. Nilikuwa nikisahihisha madaftari niliposikia sauti ya Mzee Nahashoni, mwenyekiti wa bodi yetu na mzee wa kanisa, mtu mwembamba asiyevua koti hata jua likiwaka. Alikuwa akieleza kwamba bwana misitu amekataza kukata miti mlimani, na lori la kuni halitakuja tena. Hedmistresi akauliza wasichana watakula nini. "Wale wa karibu watakula kwao," Mzee Nahashoni akasema. "Wa Mbeere ndio shida. Hao hawawezi kutembea kutoka Siakago kila siku. Tukifunga bweni, hao warudi nyumbani tu." Kalamu yangu ilisimama. Wasichana wa Mbeere walikuwa nusu ya bweni letu, watoto wa nchi kavu ya chini, na nilijua, kama alivyojua kila mtu pale, kwamba msichana wa kidato cha pili akirudi nyumbani mwaka ule, harudi tena darasani. Nilimwona mmoja wao kupitia dirishani saa hiyohiyo, Marigu, aliyeniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kujibu, amekaa kwenye nyasi akishona soksi. Nilihisi hasira ya ajabu, hasira ya mtu anayeona mlango ukifungwa mbele ya macho yake na hakuna anayepiga kelele.

Sasa, chini kidogo ya shule kulikuwa na kiwanda cha kahawa, ambapo wakulima walileta matunda mekundu yamenywe na mashine. Mbegu zilienda kuanikwa. Maganda yalirundikwa kando ya mto, rundo juu ya rundo, yakioza kwa harufu iliyotufuata hadi kanisani. Hakuna aliyeyataka. Mimi nilikuwa na kijitabu nilichopewa chuoni, chenye michoro ya tangi linalochimbwa ardhini na kufunikwa kwa kifuniko cha chuma kinachoelea. Unatia vitu vya shamba na maji, vinaoza bila hewa, vinatoa gesi, kifuniko kinapanda, na bomba linaipeleka gesi jikoni. Niliingia ofisini bila kubisha vizuri. Nikawaambia kwamba kuni zetu zimelala pale mtoni zikinuka. Mzee Nahashoni alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini. "Madam," akasema mwishowe, "mimi nimelima kahawa kutoka ile siku tuliruhusiwa kulima. Sijawahi kuona maganda ikiwaka, hata ikikauka. Lakini hatuna kitu ingine. Wazazi watachanga kuni ya kumaliza muhula wa pili. Bodi ikikaa mwezi wa nane, utuwashie. Usipowasha, tunafunga bweni." Nikasema nitawasha. Nilisema kwa sauti kubwa sana.

Wazazi walichimba shimo kwa Jumamosi tatu, kina cha watu wawili, wakajenga ukuta wa matofali na saruji. Fundi wa Runyenjes alichomelea kifuniko, akakigonga kwa nyundo mbele yetu sote ili tusikie kwamba hakina ufa. Akina mama walituletea nduma na viazi vitamu, na tukala tumekaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipoanza kutumia elimu yangu. Kijitabu kilisema tangi lianzishwe kwa samadi ya ng'ombe. Mimi nilisoma mstari ule, nikaupita. Nilikuwa nimeamka alfajiri miaka kumi na miwili kuzoa samadi kabla ya kwenda shule, na moja ya sababu zilizonifanya nisome kwa bidii ni kwamba nisiishike tena. Isitoshe, ilikuwa shule ya kanisa. Pale kwetu usafi ulikuwa sehemu ya sala: kila Ijumaa ukaguzi, sakafu za bweni zikisuguliwa hadi zikawa nyeupe, masufuria yakipangwa nje juani kama kwaya. Kwa hiyo niliwaingiza wasichana ndani ya tangi lile na ndoo, brashi na sabuni, na baada ya sabuni nikaongeza dawa ya kuua viini, chupa tatu nzima. Lilinukia kama wodi ya hospitali. Hedmistresi alikuja kuchungulia, akanisifu mbele ya shule yote. Ndipo tukajaza maganda matupu na maji, tukajaza pomoni, tukafunika, nikaandika tarehe kwenye kifuniko kwa chaki.

Baada ya wiki tatu kifuniko kilipanda kiasi cha kiganja. Nilipiga kengele ya shule kabisa, nadhani ndiyo dhambi iliyonigharimu zaidi, maana wote walikuja, pamoja na walimu, watu wa kiwandani, na Mzee Nahashoni aliyekuwa akipita njia na baiskeli yake. Nilifungua bomba la jikoni nikawasha kiberiti. Kikazimika. Nikawasha kingine, nacho kikazimika, puu, kana kwamba kuna mtu ndani ya bomba anayepuliza. Niliwasha vijiti kumi na viwili. Mwalimu wa historia, mtu aliyekuwa na jino la dhahabu na ulimi usio na breki, akasema kwa sauti, "Madam ametengeneza mashine ya kuzima moto." Walicheka wote. Marigu peke yake hakucheka, alikuwa akinitazama tu, na mimi nikageuza uso. Mzee Nahashoni alipanda baiskeli akaenda zake. Nilipima maji ya tangi kwa karatasi ya litmasi, ikawa nyekundu sana. Kulikuwa na uchachu mkali humo, na hewa iliyotoka ilikuwa ya kaboni tu, ile inayozima. Nilijua jina la ugonjwa lakini sikujua dawa yake. Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake ya mlimani, ukungu ukikaa shuleni hadi saa tano, na kifuniko kikashuka tena polepole mpaka chaki yangu ikazama.

Niliacha kula. Hilo ndilo lililomuudhi Mama Wawira, sio tangi. Asubuhi moja aliweka kikombe cha uji mbele yangu juu ya gogo la kukatia mboga, akasimama na mwiko mkononi. "Kunywa, halafu uniambie vile ulifanya. Mwanzo mpaka mwisho." Nikamweleza yote, shimo, matofali, sabuni. Nilipofika kwenye dawa ya kuua viini alifungua macho yake mekundu, yote mawili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi humo ndani.

"Uliosha na dawa?"

"Chupa tatu."

"Ya kuua viini."

"Ndiyo."

"Na unataka nini ikuchachulie hayo maganda? Malaika?" Alikitoa kibuyu msumarini akakitikisa karibu na sikio langu. "Hapa ndani kuna kitu. Sikioni, lakini naijua kazi yake. Nikiua hiyo kitu leo, kesho uji inaharibika tu, inanuka, hakuna mtu anakunywa. Karimi, hiyo tangi umeiua kabla haijazaliwa." Nilitaka kubisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Lakini nilikuwa nimefundisha habari za viini siku mbili kabla, kidato cha tatu, na mchoro mzuri ubaoni, na sasa nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilimuuliza tutapata wapi kitu hai cha kuanzishia. Akafikiri. "Ng'ombe anakula majani mchana yote," akasema, "na hakuna mtu anamwekea moto kwa tumbo. Kile kinapika ndani yake, ndicho tunataka. Samadi ni sawa, lakini taatha ni kali zaidi."

Hapo nieleze. Taatha ni yale majani yaliyosagika ambayo hukutwa tumboni mwa mnyama akichinjwa. Kwa wazee wa zamani ilikuwa kitu cha kutakasia: mtu aliyekosea alipakwa, nyumba iliyokuwa na mkosi ilinyunyizwa. Na kwa sababu hiyohiyo, kwa watu wa kanisa ilikuwa jina lisilotajwa mbele ya watoto. Habari ilifika kwa Mzee Nahashoni kabla hatujapata hata gunia la kubebea. Alikuja mwenyewe jikoni, akainama mlangoni kwa ajili ya moshi, akakohoa, akasema yeye alibatizwa akiwa kijana kwa sababu ya kuacha mambo hayo, na kwamba heri bweni lifungwe kuliko taatha kuletwa katika shule ya Mungu. Mama Wawira alikuwa akikoroga githeri kwa mikono miwili. Yeye pia alikuwa wa chama cha akina mama kanisani, kitambaa cheupe na yote.

"Mzee," akasema, bila kuacha kukoroga, "tumbo ya ng'ombe iliumbwa na nani?"

"Na Mungu."

"Na ile kazi inafanyika ndani?"

Mzee Nahashoni akaigeuzageuza kofia yake mikononi.

"Sisi hatupaki mtu. Hatunyunyizi nyumba. Tunaweka kwa maganda, maganda itoe moto, watoto wa Mbeere wakule. Ukitaka, kuja uombe wakati tunamwaga. Mimi nitafurahi sana ukiomba." Mzee alikohoa tena, na safari hii nadhani hakukohoa kwa sababu ya moshi. Siku ya kumwaga alikuja, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama kando akaomba kwa Kiembu, maombi marefu mno, huku sisi tumeshika magunia yanayovuja.

Tulitoa nusu ya maganda yaliyochacha vibaya, tukasuuza yaliyobaki kwa maji ya mto peke yake. Mimi na Marigu tulikwenda machinjioni Runyenjes na mkokoteni, tukarudi nao umejaa, na watu sokoni wakitupisha njia kwa pua zilizobanwa. Nilishika kile kitu kwa mikono yangu miwili, mimi niliyesoma ili nisishike samadi. Kutuliza uchachu tulitumia majivu ya jikoni, majivu ya kuni za mwisho za Mama Wawira, na litmasi ikaanza kuachana na wekundu wake. Nilitaka kujaza maganda tena siku hiyohiyo, tarehe ya bodi ilikuwa imebakiza wiki tano. Mama Wawira akakataa katakata. "Mtoto mchanga hapewi githeri." Karai moja kwa siku wiki ya kwanza, mbili wiki ya pili. Kwa ajili ya baridi tulilizungushia tangi majani makavu ya migomba na nyasi, na kila msichana aliyepita akaliongezea, hata likawa linaonekana kama kichuguu kilichovaa sweta. Marigu aliandika kila kitu katika daftari la mraba: karai ngapi, rangi ya litmasi, kifuniko kimepanda vidole vingapi. Wiki ya nne kilipanda mkono mzima. Sikupiga kengele. Sikumwambia mtu yeyote, nilienda nyuma ya choo cha walimu nikaruka juu mara tatu na kurudi darasani.

Bodi ilikaa Jumatano, saa nne asubuhi, ukungu bado haujaondoka. Niliwaomba waje jikoni kwanza. Walijipanga ukutani, wazee saba na hedmistresi, na wasichana wakajazana mlangoni na madirishani hadi mwanga ukapungua. Mapipa ya githeri yalikuwa baridi. Mafiga yalikuwa yameondolewa, na mahali pake palikuwa na jiko la chuma alilolitengeneza yule fundi. Nilimpa Mama Wawira kiberiti. Alinitazama, akafungua bomba, akasubiri kidogo kama alivyofundishwa, akawasha.

Uliwaka kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka, kisha ukatulia: duara la moto wa buluu, safi, usio na moshi hata wa uzi. Mama Wawira aliinamisha uso wake karibu na jiko, karibu mno, macho yote mawili yakiwa wazi, na nikaelewa kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya upishi alikuwa anautazama moto wake bila kuyafumba. Ndipo Marigu akapiga kelele. Sijui alisema nini, ilikuwa Kimbeere, lakini bweni zima liliitikia, wakapiga vigelegele, wakagonga mabati kwa viganja, masizi ya miaka yakatuangukia vichwani, na wazee wa bodi wakawa weusi mabegani na hawakujipangusa. Mwalimu wa historia alinipa mkono mbele ya watu. Tulipika chai, na ugali, na sukuma wiki, na bodi ikala imesimama. Mzee Nahashoni alimaliza sahani yake, akamrudishia Mama Wawira, akasema polepole, "Hebu zima." Akazima. "Sasa washa tena, nione vizuri." Akawasha. Alimfanya awashe mara nne. Kisha akavua kofia, akatoka nje, na mkutano wa bodi haukuchukua hata robo saa. Bweni halikufungwa.

Nisijisifu kupita kiasi. Msimu wa kahawa ulipokwisha tulilisha tangi migomba iliyokatwa, maganda ya viazi na nyasi za uwanjani, na siku nyingine moto ulikuwa mdogo tukamalizia githeri kwa kuni za kuokota. Mwaka uliofuata wakajenga tangi la pili, wakati huo nikiwa nimehamishiwa Ruiri. Lakini wasichana wa Mbeere walifanya mtihani wao, wote, na Marigu alinifuata katika kemia, akanipita, akafika mbali kiasi kwamba siku hizi nikimpigia simu napokewa kwanza na msaidizi wake. Alikuwepo mazishini juzi. Tulikaa bega kwa bega chini ya hema, wanawake wawili wazee wenye miwani, na padri aliposema marehemu alikuwa mpishi wa kawaida tulitazamana kwa hasira ileile.

Chai ya waombolezaji ilipikwa kwa gesi ya tangi la Mama Wawira mwenyewe, nyuma ya nyumba, lenye sweta la majani ya migomba. Nilisimama hapo nikiutazama moto mpaka Wawira akanikuta. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Nilikitambua kile kibuyu cha uji kabla hajafungua, weusi wa shingo yake, mahali pa kamba ya msumari. "Mama alisema hii ni ya Madam Karimi," akasema. "Akasema pia nikukumbushe, usiioshe." Nilikibeba mapajani hadi Makutano. Jioni ileile nilichemsha uji, nikaupoza, nikaumimina juu ya ule kidogo alioacha chini kwa mkono wake, nikakifunika na kukiweka karibu na jiko. Asubuhi nilipokifungua, ulikuwa umechachuka vizuri kabisa.